Mkanda wa Haidar

Tangu siku ya kwanza ya safari Sarwar alikula peke yake, na jambo hilo liliwasumbua wapagazi wenzake. Sisi watu wa kijiji cha Brakchan tukienda mlimani hatuli ovyo. Watu sita, jiko moja, unga mmoja. Jiwe la mviringo huchomwa mpaka likapata moto sawasawa, kinyunya kikazungushiwa juu yake, ukatoka mkate mgumu nje, laini ndani, na wote sita wakaumega. Mkishaumega, yamekwisha: uliyekula naye jiko moja humwachi mlimani. Awe mwizi, awe mmbea, awe amekutukania mama yako, utashuka naye. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini hebu vunja desturi hiyo uone kama kuna atakayekuoza binti yake.

Ndiyo maana Sarwar aliokota jiwe lake, akawasha moto wake kando, nyuma ya mahema. Hakutaka mkate umfunge na mtu mmoja aliyekuwa katika msafara ule, naye ni Ishaq, mume wa dada yake Sakina. Alikusudia kumwacha juu ya mlima Marpori afie huko.

Mzee Kazim, mpishi wetu, mtu asiyejua kunyamaza, alimpitia akiwa ameinama juu ya moto wake akamwambia anajipikia kama mjane. Wengine walicheka kidogo, kisha wakaacha, kwa maana kila mmoja alijua. Ishaq mwenyewe, kiongozi wa kamba, mtu wa miaka arobaini mwenye vidole vya miguu vitatu tu vilivyobaki, alikuwa akimega mkate wa jiko kubwa, anabakiza kipande, anakiweka juu ya jiwe karibu na hema la Sarwar. Kila jioni. Na kila asubuhi kunguru walikuwa wakikila.

Mambo yenyewe yalianza mwaka uliotangulia. Ishaq na Haidar, kaka yake Sarwar, walipanda mlima huohuo na msafara mwingine. Dhoruba ikawakuta juu ya kambi ya tatu, wageni wakashuka mbele, wao wakabaki nyuma. Siku ya nne Ishaq akaingia kijijini akichechemea, peke yake, kamba begani. Akasema Haidar amefariki kwa baridi, amemgeuza uso kuelekea kibla, Mungu amrehemu.

Lakini watu wa kwetu ni watu wa kamba. Waliikunjua ile kamba ya buluu uani pa msikiti, ikapita mikononi mwa wanaume wote, hatua kwa hatua. Ilikuwa nzima. Haikukatwa popote, ila ncha moja ilikuwa imenyofoka nyuzi chache tu. Wapagazi wawili wa ng'ambo ya mto walikuwa wameshasema walisikia sauti ya mtu ikiita kutoka juu, jioni ya siku ya pili. Basi Bi Roqia, mama yake Haidar, akajipenyeza katikati ya wanaume, akamsimamia Ishaq na kumuuliza ni nani aliyemfungua mwanawe kwenye kamba.

Ishaq alitazama chini. "Mimi," alisema.

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

Lo! Yule mama alivua kiatu akampiga nacho usoni, mara moja tu, damu ikamtoka puani, naye hakujifuta. Tangu siku ile Bi Roqia akipita mlango wa bintiye Sakina hasalimu. Watoto walimtemea Ishaq mate njiani, na wazee wao waliwatazama tu. Naye Sarwar, aliyekuwa na miaka ishirini na sita na aliyempenda kaka yake kuliko nafsi yake, aliapa moyoni siku ya arobaini kwamba damu ya Haidar haitapotea bure. Akangoja msimu. Akaomba kazi kwenye msafara wa Ishaq. Ajabu ni kwamba Ishaq mwenyewe ndiye aliyelitia jina lake kwenye orodha.

Na nitaje jambo jingine, maana litakuja. Ule mkanda aliovaa Haidar kiunoni, mkanda wa kufungia kamba, ulikuwa mtumba. Wageni wakienda zao huacha vitu, nasi tunaokota. Mshono wa mbele ulikuwa umeachia, Sarwar akaushona upya kwa uzi wa fundi viatu uliopakwa nta, mishono saba, kwa sindano nene ya mama yake, ile ya kushonea mablanketi. Alikuwa na mkono mzuri wa kushona, na Bi Roqia alizoea kumtania kwamba angezaliwa msichana angeolewa mapema. Sindano ile alibaki nayo, imechomekwa ndani ya kola ya koti lake.

Wakapanda. Wiki tatu za kubeba, kushuka, kubeba tena, mpaka siku ya kilele wakawa watatu kwenye kamba moja: Ishaq mbele, katikati mgeni mmoja wa Austria aliyeitwa Ulrich, Sarwar nyuma. Ulrich alikuwa mtu mwema, si wale wanaokuita kwa mluzi. Kila akipumzika alikugawia pipi ya mnanaa, na kama hupokei alikuwekea mfukoni kwa nguvu.

Saa tatu asubuhi, katika korongo jembamba lililo juu ya kambi ya tatu, Ishaq alipaza sauti: "Barafu!" Sarwar alijibandika ukutani. Pande kubwa kama jiko la mkate likampita sikioni likivuma, la pili likampata Ulrich kichwani. Kofia yake ngumu ilipasuka pamoja na kilichokuwa ndani yake. Damu ikamrukia Sarwar machoni, ya moto, kisha ikagandia palepale kwenye kope. Maiti ikaning'inia, uzito wake ukawavuta wote wawili, na Sarwar akachomeka shoka lake kwenye barafu akalilalia kwa kifua huku mbavu zikimlia. Hapo ndipo ungeona nguvu za binadamu. Walishikilia robo saa nzima, mmoja juu, mmoja chini.

Ishaq alimshukia yule marehemu. Akakaza skrubu ndefu ya chuma kwenye barafu, akamfunga pale asije akaanguka akapotea, akamfumba jicho moja lililobaki. Kisha akafungua fundo la kamba kiunoni pa Ulrich, taratibu, kwa ncha za vidole, akafunga upya, sasa wakabaki wawili. Sarwar alikuwa amepanda hadi akampita, amesimama hatua moja juu yake kwenye kingo nyembamba. Aliviona vile vidole vikifungua fundo, na akili ikamruka.

"Hivyo ndivyo ulivyomfungua Haidar?"

Ishaq aliinua uso. Hakujibu. Kule kutojibu kulimmalizia Sarwar subira yote. Sarwar alishusha shoka kwa mikono miwili. Alilenga shingo. Ishaq akakinga kwa mkono wa kulia, na ncha ikaingia juu ya kifundo, mfupa ukalia kama kuni kavu na kutokeza nje ya glavu, mweupe.

Msidhani Ishaq alikuwa malaika. Alinguruma, akampiga Sarwar teke la paja kwa kiatu chenye meno ya chuma, meno yote yakazama nyamani. Sarwar akamwangukia. Wakashikana pale, mtu na shemeji yake, wakiumana kama mbwa wa kijiji kimoja: Sarwar akimsaga uso kwenye barafu, Ishaq akimpiga kichwa cha pua kwa paji la uso, damu ya huyu ikiingia kinywani mwa yule. Kisha kingo ikamomonyoka, wakaenda wote.

Waliteleza chini kwa kasi, wakijipiga huku na huku, Sarwar akijua kabisa kwamba anakufa na akiwa bado na hasira. Kamba yao ikanasa kwenye pembe ya mwamba, mmoja akabaki upande huu na mmoja upande ule, mkanda ukambana Sarwar kiuno hadi akatapika. Chini yao, kama urefu wa mtu, palikuwa na rafu ya mwamba iliyofunikwa theluji. Waliitikisa kamba hadi ikajinasua kwenye pembe, wakaiangukia rafu ile. Na pale, ameegemea ukuta, alikuwa ameketi mtu.

Sarwar alimjua kabla hajamfuta theluji usoni.

Haidar alikuwa ameelekezwa kibla, kama Ishaq alivyosema. Mguu wake wa kushoto, uliovunjika chini ya goti, ulikuwa umefungwa kwa vijiti vya hema na shali. Shali ile ilikuwa ya Ishaq, Sakina ndiye aliyeifuma, Sarwar aliitambua kwa pindo. Juu ya mabega alikuwa na koti la pili, la Ishaq pia. Sarwar akakumbuka kwamba mtu huyu mwaka jana aliingia kijijini na sweta tupu, na hakuna aliyemuuliza koti lake liko wapi. Sisi sote tulikuwa tunatazama kamba.

Akaupapasa mkanda. Mishono yake yote saba ilikuwa imeshika, haikuachia hata uzi. Mikono ya Haidar ilikuwa wazi, vidole vimejikunja, vyeusi, vya mtu asiyeweza kushika hata kijiko. Na mdomo ulikuwa wazi kidogo. Jino la mbele limevunjika. Katikati ya meno yaliyobaki palinasa nyuzinyuzi za buluu, za kamba.

Sarwar alizigusa zile nyuzi kwa kidole. Upepo ulikuwa umeanza.

"Alifungua kwa meno," alisema.

"Vidole vilikuwa vimekufa," Ishaq alijibu. Alikuwa ameukumbatia ule mkono kifuani, anahema.

Akamsimulia kwa maneno machache, akikatizwa na kikohozi. Alimburuta Haidar siku mbili. Haidar alimwambia amwache, akakataa. Akamwambia tena, wakagombana, na ni sauti zao zile ambazo wale wa ng'ambo ya mto walizisikia. Alfajiri ya siku ya tatu Ishaq alisinzia ameketi. Alipozinduka kamba ilikuwa nyepesi. Haidar alikuwa amejitupa. Ishaq akamfuata hadi hapa, akamkuta amekwisha, akamketisha, akamgeuza, akamvika koti.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie mama yako mwanawe kajiua? Nani angemsalia? Mama angeishije na neno hilo?" Ishaq alitema damu. "Mimi wakinitemea mate, nanawa uso tu."

Hapo Sarwar alilia. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotelewa na mbuzi wa watu, amemshika kaka yake magoti. Alimlilia Haidar, akajililia na mwenyewe, maana alimwaza Ishaq kwa mwaka mzima akiwa kwenye hali hiihii: mfupa nje, dhoruba inakuja. Amelipata alilolitaka, na halikuwa na ladha yoyote.

Ishaq alimngoja amalize. Kisha akasema, kwa upole, kwamba mkono wake haushiki kitu, kambi ya pili iko mbali, na Bi Roqia hana mwana mwingine ila yeye Sarwar. "Nifungue nami. Utasema niliteleza."

"Funga mdomo."

"Usiponifungua, nitajifungua."

Sarwar aliinuka. Akalikaza lile fundo la kiunoni pa Ishaq kwa meno na magoti. Halafu, mniwie radhi wenye haya zenu, akahangaika na suruali zake tatu na kulikojolea. Katika baridi ile mkojo haumalizi hata kutiririka; fundo likageuka jiwe mara moja. "Haya, tafuna," alimwambia. "Hata chui wa theluji haliwezi hilo."

Ishaq alicheka, ingawa kicheko kilimuumiza. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu arusi ya Sakina.

Walimwacha Haidar pale alipo, wakashuka. Siku mbili. Dhoruba iliwapiga kwa changarawe za barafu zilizochana ngozi ya mashavu. Sarwar alimteremsha Ishaq kwa kamba kama gunia, kisha akamfuata kwa paja lile lililotobolewa, buti likichuruzika damu. Ishaq akisinzia alimzaba makofi. Akikataa kusimama alimtukania ukoo mzima, na Ishaq akimkumbusha kwamba ukoo huo sasa ni wa wapwa zake, alimzaba tena. Jiwe moja lilimpiga Sarwar usoni likamng'oa meno mawili, aliyatema akaendelea. Kwenye ukuta wa mwisho Ishaq alianguka akamvuta, wakabiringika hadi ule mkono uliovunjika ukanaswa chini yake. Ukelele alioutoa Ishaq sitaki kuueleza.

Lakini ukweli usemwe wote. Asubuhi ya siku ya pili Sarwar alikosa nguvu. Si za miguu, za moyo. Aliketi kwenye theluji, akatoa kisu chake, akakifungua na kuitazama kamba. Aliwaza chai yenye chumvi na siagi. Aliwaza kulala. Akawaza kwamba akikata hakuna jicho litakalomwona, na mwenyewe ameshaomba afunguliwe. Aliyaweka makali juu ya kamba. Ishaq alikuwa macho na alikiona kisu. Akageuza uso upande wa pili, ili shemeji yake asione haya. Sarwar aliinuka. Kisha akakitupa kisu kile bondeni kwa nguvu zote zilizobaki, asije akakitamani tena, akaendelea kuburuta.

Walipoingia kambini chini, mzee Kazim alidondosha sufuria. Watu wakawabeba, wakawalaza karibu na jiko kubwa, wakamwombea Ulrich mapumziko mema kwa desturi yetu, kisha macho yote yakaenda kwenye mkono wa Ishaq, uliokuwa mweusi hadi kiwiko.

"Nini hiki?" Kazim aliuliza, akimtazama Sarwar.

"Jiwe," alisema Ishaq upesi.

 Mkate ulikuwa umetoka motoni. Sarwar alijikokota hadi kwenye jiko lile ambalo hakuligusa msimu mzima, akaumega mkate, nusu akala yeye mbele ya wote. Wanaume walitazamana. Akawaambia amemwona Haidar, na amejua kwa nini kamba ilirudi nzima.

"Mkanda ulifumuka," alisema. "Ule nilioushona mimi. Mishono saba, yote imeachia. Kaka yangu alianguka kwa sababu yangu. Huyu alijua. Alisema amemfungua yeye, ili mama asijue kwamba ni sindano yangu."

Ishaq aliinua kichwa. "Sarwar, usi..."

Sarwar akamsokomeza mkate mdomoni. "Kula, shemeji," alisema. "Umechoka, unapayuka."

Habari ilifika Brakchan kabla yao. Ishaq alipelekwa mjini, wakamkata mkono juu ya kiwiko, akarudishwa nyumbani kwake. Siku aliyorudi, Bi Roqia alitoka na mtindi na mkate wa siagi, akavuka njia, akagonga mlango ambao hakuugonga kwa mwaka mzima. Sakina alipomwona alianguka miguuni pake. Bi Roqia akamwinua, akaenda kuketi kando ya mkwewe, akalishika gutu la mkono wake akalibusu mbele ya watu. Ishaq alilia kwa uchungu, na watu wakasema ni furaha. Alimtafuta Sarwar kwa macho, amesimama mlangoni. Sarwar akatikisa kichwa: nyamaza.

Jioni ile nyumbani Bi Roqia alimpakulia mwanawe kama kawaida, supu na tambi, nyama akamwekea zaidi. Hakumlaumu. Hakumtazama pia. Alingoja amalize, akaondoa bakuli, akasimama mbele yake na kunyoosha mkono.

"Nirudishie sindano yangu," alisema.

Sarwar aliichomoa kwenye kola, akampa. Bi Roqia aliifuta kwa pindo la shela, akaitia kwenye kikopo chake, akakifunga na kukificha mahali pake pa zamani. Bega la koti la Sarwar lilikuwa limechanika tangu mlimani, pamba zinatoka nje. Alilivaa hivyohivyo majira yote ya baridi.